Miguu kufa ganzi kwenye usukani: soksi za kubana, siti, kusimama njiani au vidonge?

Ukitoka Dar es Salaam na semi yenye mzigo wa Zambia au Kongo, mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na karibu zote unazimaliza umekaa. Mizani ya Vigwaza, mizani ya Mikese, hifadhi ya Mikumi kwa mwendo wa pole, joto la Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga nyuma ya lori linalopumua kwa shida, Makambako, Uyole. Ukifika Mpemba, jirani na Tunduma, ukatakiwa kushuka na makaratasi, mguu haupo. Unashika kishikio cha mlango, unakanyaga ngazi kwa kukisia, unasimama pale chini mpaka sisimizi waanze kutembea kwenye unyayo, ndipo upige hatua.

Waulize madereva waliopaki pembeni yako ufanye nini. Mmoja atakwambia soksi za kubana. Mwingine mto wa kiti. Wa tatu ana vidonge vya mishipa kwenye dashibodi, na wa nne ana chupa ya mafuta ya kuchua. Kila mmoja anaapa kwa yake, na kila mmoja anaweza kuwa mkweli, kwa sababu kilichomsumbua yeye huenda sicho kinachokusumbua wewe. Kwa maoni yangu soksi ndizo zinazonunuliwa kimakosa kuliko vyote: mtu ana tatizo la mshipa wa fahamu uliobanwa na mlango wa lori, anakwenda kununua kitu cha kusaidia damu.

Basi kabla ya kulinganisha dawa, tuulinganishe ugonjwa wenyewe.

Ni damu au ni mishipa ya fahamu?

Ganzi yenyewe, yaani kutohisi, kuchomwachomwa sindano, kuwaka moto au shoti ya ghafla, mara nyingi inatoka kwenye mishipa ya fahamu. Damu isiyopanda vizuri kurudi moyoni ina dalili zake nyingine: mguu mzito, kifundo kimevimba jioni na kunywea asubuhi, kiatu kilichokuwa sawa Chalinze kinabana Makambako, mishipa ya buluu iliyojitokeza kwenye shavu la mguu. Bonyeza kidole gumba kwenye mfupa wa muundi kwa sekunde kumi kisha kiachie. Shimo likibaki, una maji yaliyokaa mguuni.

Kwa upande wa fahamu, mahali ganzi ilipo panasema mengi. Papasa upande wa nje wa goti, chini yake kidogo. Utagusa kinundu cha mfupa. Mshipa wa fahamu unapita juu ya kinundu hicho bila nyama ya maana ya kuukinga. Lori zetu usukani uko kulia, kwa hiyo dereva aliyechoka hulegeza goti la kulia na kuliegemeza kwenye mlango, na mlango unatetema kilomita baada ya kilomita juu ya mshipa huohuo. Ganzi yake inakaa juu ya mguu na upande wa nje wa muundi. Ikikomaa, unashindwa kunyanyua vidole vya mguu, unaanza kuburuza ndala. Dereva aliyefika hapo asiendelee kuendesha kwa kujipa moyo, maana mguu huo ndio wa breki.

Ganzi ya takoni inayoshuka nyuma ya paja hadi nyayo ni ya mshipa mkubwa wa nyonga. Unaweza kubanwa mgongoni, kwenye pingili za kiuno, na hapo ukikohoa au ukipiga chafya maumivu yanaruka. Unaweza pia kubanwa na pochi. Sisemi utani: mwaka 1978 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha taarifa kuhusu siatika, yaani maumivu ya mshipa huo, iliyoletwa na pochi nene ya mfuko wa nyuma. Na pochi ya dereva wa masafa unaijua: leseni, kadi ya homa ya manjano, noti za shilingi, kwacha na dola, risiti za mafuta, kopi ya pasipoti iliyokunjwa mara nne.

Ganzi ya upande wa nje wa paja peke yake, isiyofika chini ya goti, mara nyingi ni mkanda uliokazwa na kitambi kilichokalia nyonga. Ganzi ya nyayo zote mbili, iliyoanzia vidoleni na kupanda taratibu, inayowaka zaidi usiku ukiwa umelala, haihusiani sana na siti. Hiyo ipeleke moja kwa moja kwenye kipimo cha sukari.

Kuna na ya mishipa inayoleta damu kutoka moyoni. Wavutaji sigara, wenye kisukari na wenye presha ndio wake. Ukitembea shavu la mguu linauma, ukisimama dakika chache linaacha, ukitembea tena linaanza. Mguu ni wa baridi, pengine umepauka, na kidonda kidogo cha kidole hakiponi. Ishike hii akilini, kwa sababu ndiyo inayogeuza soksi za kubana kuwa sumu.

Mambo manne hayasubiri kufika. Mguu mmoja umevimba ghafla, una joto na shavu la mguu linauma: hiyo yaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mishipa ya ndani. Kifua kinachoma na pumzi inakatika baada ya mguu wa namna hiyo: bonge la damu limehamia mapafuni. Ganzi imeingia sehemu za siri na katikati ya mapaja, na mkojo hautoki au unatoka bila taarifa: mgongo unataka hospitali leo, wala si kesho. Upande mmoja wa mwili umelegea pamoja na uso au maneno: kiharusi. Hapo lori linapaki, tingo anabaki na mzigo, wewe unakwenda hospitali.

Soksi za kubana au kusimama njiani

Hawa wawili wanafanya kazi moja kwa njia mbili, kwa hiyo kuwalinganisha ni haki.

Damu ya miguuni haina pampu yake. Inasukumwa na misuli ya shavu la mguu kila unapokanyaga: msuli unakaza, unaikamua mishipa, vali ndani yake zinazuia damu isirudi chini. Ukikaa bila kutembea pampu hiyo imezimwa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake juu ya wasafiri: hatari ya damu kuganda huongezeka karibu mara mbili safari ikifika saa nne au zaidi, iwe ndege, basi, treni au gari. Kwa mtu mzima wa afya hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini uzito mkubwa, upasuaji wa karibuni, kuwahi kuganda damu au ndugu wa damu aliyewahi kupatwa vinaipandisha.

Sasa tazama kichwa cha lori lako ni cha gia gani. Lori la gia za mkono linaufanyisha kazi mguu wa kushoto kila klachi, hasa milimani. Anayepanda Kitonga na foleni mbele yake anakanyaga mpaka anachoka, na shavu la mguu linakamua. Lori la gia otomatiki ni raha kwa mgongo na magoti, ila mguu wa kushoto unakuwa abiria. Umelala pale pembeni kuanzia Mafinga hadi Igawa bila kazi. Wa kulia nao unashikilia mafuta kwa pembe ileile, msuli umekaza bila kukamua. Madereva waliohamia otomatiki wakaanza kuvimba kifundo cha kushoto wasishangae.

Kusimama na kutembea kunaiwasha pampu yenyewe, na papo hapo kunaondoa mbano kwenye fahamu, kunanyoosha mgongo, kunaamsha macho. Soksi hazifanyi hayo yote. Zinabana kifundo zaidi na kulegeza kadiri zinavyopanda, mishipa inakuwa myembamba, damu inapanda haraka zaidi, maji hayakai. Tafiti zilizofanywa kwa wasafiri wa ndege za masafa marefu zilionyesha kwamba soksi za chini ya goti zilipunguza sana mabonge madogo yasiyo na dalili, na uvimbe pia ulipungua. Ila wale walikuwa abiria, na hakuna aliyekuwa anaendesha. Na hakuna soksi itakayouondoa mshipa wa fahamu uliobanwa na mlango.

Kwa hiyo kwa mwenye ganzi, kusimama kunashinda bila ubishi. Kwa mwenye uvimbe na mishipa iliyojitokeza, anahitaji vyote viwili, na soksi zinashika zamu katikati ya vituo.

Najua jibu la dereva: nisimame wapi, na tajiri anapiga simu kila saa kuuliza nimefika wapi? Ulaya sheria imemaliza ubishi huo. Baada ya saa nne na nusu za kuendesha ni lazima upumzike dakika 45, na kifaa kilichomo kwenye lori kinarekodi. Huku kwetu mara nyingi dereva anajipangia mwenyewe. Kwa saa mbili hivi kwa kila kituo kidogo, njia ya Tunduma inakupa sababu usizohitaji kumweleza mtu: mizani, kukagua tairi na kamba za turubai, chai, kuchimba dawa. Tatizo ni kwamba wengi tunazitumia tukiwa tumekaa. Tunafika mizani tunamtuma tingo na karatasi. Tunakwenda mgahawani tunakaa tena. Shuka mwenyewe, zunguka lori zima mara mbili ukigonga tairi, nyanyuka kwa vidole vya miguu mara ishirini ukiwa umeshika bampa, kisha ndipo uagize ugali. Foleni ya mpakani nayo ihesabu kuwa ni kukaa, tena kubaya, kwa sababu unakaa siku nzima ukisogea hatua chache.

Na maji. Wengi hawanywi ili wasisimame kuchimba dawa. Hasara yake ni mara mbili: mwili unakauka, na ile sababu bora kuliko zote ya kushuka kwenye lori inapotea.

Ukiamua soksi, chagua kwa namba. Kwenye boksi la soksi halisi kumeandikwa mbano wake kwa mmHg. Ya 15 hadi 20 ndiyo ya kuanzia kwa uzito na uvimbe mdogo wa safari. Ya 20 hadi 30 ni ya mwenye mishipa iliyojitokeza au aliyewahi kuganda damu, na hiyo apangiwe na daktari. Soksi ndefu za mpira zinazouzwa mkononi bila namba yoyote ni soksi tu. Saizi haitokani na namba ya kiatu peke yake. Pimisha mzunguko wa kifundo na wa shavu la mguu, asubuhi, kabla mguu haujavimba. Chini ya goti inatosha. Ikijikunja juu, ule mkunjo unakuwa kamba inayofunga mguu, afadhali usivae kabisa. Ivae kabla ya kupanda lori, ivue unapolala, ifue kwa mkono na uianike kivulini, kwa sababu jua huua mpira wake. Baada ya miezi kati ya mitatu na sita ya matumizi ya kila siku inakuwa imelegea hata kama haijatoboka.

Joto la Mikumi na Ruaha ni hoja ya kweli dhidi yake. Kuna wanaovaa za aina iliyo wazi vidoleni, na zinavumilika zaidi.

Wasiopaswa kuvaa bila kupimwa: mwenye kisukari ambaye nyayo hazihisi, kwa kuwa soksi inaweza kumchuna asijue, mwenye vidonda mguuni, mwenye moyo ulioshindwa, na yule mwenye shavu la mguu linalouma akitembea na mguu wa baridi. Huyu wa mwisho damu yake inafika kwa taabu tayari. Ukimbana unamkatia na hiyo kidogo.

Mto wa kiti au kurekebisha siti

Hapa nina upande na sitauficha. Mto unakuja wa pili.

Kaa kwenye siti yako kama unaendesha, pitisha vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa siti na nyuma ya goti. Visipopita, ukingo huo unabana mishipa ya damu na ya fahamu kwa pamoja, na mto utakaouweka juu utakunyanyua tu uzidi kuning'inia. Shusha siti mpaka kisigino kikae sakafuni. Isogeze mbele kiasi kwamba ukikanyaga klachi hadi mwisho goti bado limepinda kidogo na tako halijateleza. Legeza mgongo wa siti nyuma kidogo kuliko wima kamili. Toa kila kitu mfuko wa nyuma. Goti la kulia, kama limezoea mlango, liwekee kinga: kipande cha sponji kilichofungwa mlangoni ni rahisi kuliko kujikumbusha usiku kucha. Haya yote ni bure, na ukiyajaribu kwenye safari moja utajua kama ganzi yako ilikuwa ya siti.

Mtetemo ni habari nyingine. Barabara mbovu na siti iliyokufa vinapiga kiuno, na kiuno ndicho kinachopeleka fahamu miguuni. Umoja wa Ulaya umeuwekea mipaka mtetemo wa mwili mzima kazini tangu agizo lake la mwaka 2002. Siti ya upepo inayofanya kazi inameza sehemu kubwa ya hayo. Siti ya upepo iliyotoboka mfuko ni ubao. Nimekuta vichwa ambavyo dereva ameweka blanketi mara tatu juu ya siti iliyogota chini kabisa, akanunua na mto wa jeli juu ya blanketi, na kumbe kinachovuja ni bomba dogo la upepo ambalo fundi angelibadilisha kabla chai haijapoa. Kagua hilo kwanza.

Mto unakuja sasa, kwa siti ambayo sponji yake imekwisha na tajiri hataki kusikia. Wa sponji ngumu hudumu na haupandishi joto. Wa jeli ni laini mwanzoni, ukichomwa na jua la dirishani unakuwa jiko. Wenye tundu katikati ulitengenezewa watu wa bawasiri na majeraha ya mfupa wa mkia, na unaweza kubana mapaja ukakuongezea ganzi. Kwa kiuno, taulo lililokunjwa na kufungwa kwa mpira linafanya karibu kazi yote ya mto wa dukani.

Vidonge na mafuta, au kipimo

Hapa ndipo fedha nyingi za madereva zinapopotelea, kidogokidogo.

Vidonge vya vitamini B vinasaidia ganzi iliyoletwa na upungufu wa vitamini B. Upo: wanywaji pombe sana, wanaokula vibaya kwa muda mrefu, na wagonjwa wa kisukari waliotumia metformini miaka mingi, ambao B12 yao hushuka. Anayetumia dawa za kifua kikuu hupewa B6 pamoja nazo kwa sababu moja ya dawa hizo, isoniazidi, huweza kuharibu mishipa ya fahamu; asiache kuimeza. Asiye na upungufu hapati kitu. Na B6 kwa dozi kubwa kwa muda mrefu yenyewe huleta ganzi ya miguu, kwa hiyo mtu anaweza kuwa anameza ugonjwa anaoutibu.

Diklofenaki inatuliza maumivu ya mgongo kwa siku chache. Ikigeuzwa kuwa chakula cha kila safari inachosha figo, inapandisha presha, inatoboa tumbo. Aspirini ya kuzuia damu isigande safarini, ambayo wengi tumeisikia, miongozo ya madaktari haiipendekezi kwa msafiri wa kawaida.

Mafuta ya kuchua ni faraja ya usiku, na mkono unaochua unasaidia uvimbe mdogo kupanda. Mbili tu: usichue mguu mmoja uliovimba ghafla wenye joto, kama ndani kuna bonge unaweza kulisukuma. Na kama nyayo hazihisi, achana na mafuta makali na beseni la maji moto. Utaungua, utajua ukiona malengelenge.

Kipimo cha sukari kinafanyika hata zahanati ndogo. Ukipima asubuhi hujala na ikawa 7.0 mmol/L au zaidi, rudia siku nyingine. Ikijirudia, hicho ni kisukari, na ganzi ya nyayo zako imepata jina. Dereva wa nyayo zisizohisi hajui amekanyaga breki kwa nguvu kiasi gani. Kuliko mwaka mwingine wa vidonge vya mishipa, tone moja la damu.

Ningechagua nini ningekuwa wewe

Kijana wa miaka thelathini, ganzi inakuja baada ya saa tatu na kuisha dakika chache baada ya kushuka, mguu mmoja, hakuna uvimbe: siti, pochi, mlango, kusimama. Usinunue chochote kwa mwezi.

Mtu mzima mwenye kitambi, anaendesha otomatiki, vifundo vyote viwili vinavimba jioni: kusimama kila saa mbili, soksi za 15 hadi 20, presha na sukari vipimwe kabla ya soksi. Vifundo vikibaki vimevimba hata asubuhi, na pumzi inakatika ukilala chali, soksi ziache, muone daktari wa moyo.

Mvutaji wa siku nyingi mwenye shavu la mguu linalouma akitembea: aende hospitali apimwe mapigo ya damu mguuni, na sigara iachwe. Soksi hapana.

Mwenye maumivu yanayotoka kiunoni hadi nyayo, wiki sita zimepita hayapungui: mtaalamu wa viungo, na siti ya upepo itengenezwe. Hili la siti mwambie tajiri kabla ya kupakia, ukiwa bado bandarini na yeye bado anakuhitaji. Ukishafika Tunduma atakwambia utaona ukirudi.

Na anayeburuza vidole vya mguu wa kulia asipande lori, hata la kusogeza yadi. Mwenye leseni mwingine aichukue safari hiyo. Mshipa ule wa pembeni ya goti mara nyingi hupona wenyewe kwa wiki au miezi ukiacha kubanwa, lakini daktari auone kwanza ahakikishe si mgongo.